Mama Asiachiwe Grafu Peke Yake

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, naomba kabla ya yote uitafute kadi yake ya kliniki. Huenda iko ndani ya mfuko wa nailoni kwenye sanduku la nguo, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za bima. Ifungue pale penye mistari iliyopinda inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Sidhani kama kuna mchoro wa takwimu unaoingia katika nyumba nyingi za nchi yetu ya Tanzania kuliko huo. Magazeti hayafiki kila kijiji na taarifa za uchumi husomwa na wachache, lakini kadi ya mtoto inafika hata kule ambako gari huishia njiani. Wenzetu wa Kenya nao wana mchoro wa aina hiyohiyo katika kijitabu chao cha afya ya mama na mtoto.

Sasa tuusome pamoja. Chini pameandikwa umri kwa miezi, pembeni uzito kwa kilo, na katikati zimo nukta ambazo muuguzi aliziweka kila mtoto alipopandishwa kwenye mizani. Tuchukue mfano wa mtoto wa kike. Akiwa na miezi 6 alikuwa na kilo 7.3, uzito wa katikati kabisa kwa wasichana wa umri huo kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Akiwa na miezi 9 ana kilo 7.4. Anapotimiza mwaka, kilo 7.5. Mstari wake haujashuka hata mara moja. Umepanda, japo kidogo. Haujagusa ule mstari wa chini unaowatenga watoto wenye uzito pungufu, ambao kwa msichana wa mwaka mmoja uko kwenye kilo 7.0. Jirani akichungulia atasema mtoto yuko sawa. Kumbe wenzake wa katikati wameshafika kilo 8.9. Kwa nusu mwaka mtoto huyu ameongeza gramu 200 pale alipotazamiwa kuongeza kilo 1.6. Lipo jambo. Pengine ni kuhara kusikokwisha, pengine uji ni mwepesi mno, pengine mama amerudi kwenye vibarua na mtoto analishwa mara mbili tu kwa siku.

Viwango hivyo havikuotwa. Vilitolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolelewa katika mazingira yanayomruhusu mtoto akue anavyopaswa. Watoto wa Accra na wa Muscat wamo ndani ya mistari hiyo sawa na wa Oslo. Kwa hiyo anayesema kwamba mistari ile ni ya Wazungu na watoto wetu ni wadogo kwa asili, anakosea, na kosa lake linawagharimu watoto.

Lakini hebu tazama kazi ambayo kichwa kinapaswa kufanya ili kuipata habari ya yule msichana kutoka kwenye nukta tatu. Jicho linatafuta umri kwenye mstari wa chini, linapanda nao juu bila kuyumba, linageuka pembeni kutafuta kilo, linarudi kwenye nukta. Kisha linaishika nukta ya leo huku likikumbuka ya safari iliyopita. Kisha, na hapa ndipo wengi tunapopotea, inabidi tuache kuuliza kama mstari wa mtoto uko juu au chini, tuulize unapanda kwa kasi gani ukilinganishwa na ile iliyochapwa. Muuguzi mzoefu anayaona yote hayo mara moja. Mama aliyefika kliniki saa moja asubuhi, akakaa kwenye benchi, akamvua mtoto nguo, na sasa mtoto analia, anarudishiwa kadi na kuambiwa aendelee kumlisha vizuri. Anaitia kwenye mkoba na kuondoka.

Mazoea yetu ni kusema kwamba mama huyo hajasoma, ndiyo maana haelewi. Nawasihi tuyaache mazoea hayo, kwa sababu si ya kweli na si ya haki. Mwaka 2009 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti uliowauliza wazazi 1,000 wa huko, kwa njia ya intaneti, kuhusu chati za ukuaji wa watoto. Karibu wanne katika kila watano walisema wamewahi kuziona, na wengi waliamini wanazielewa vizuri. Walipoonyeshwa nukta kwenye chati na kuulizwa mtoto ana uzito gani, waliojibu sawasawa walikuwa asilimia 64. Chati zilizoweka urefu na uzito kwa pamoja ziliwapotosha hadi asilimia 77. Miaka miwili baadaye Mirta Galesic na Rocio Garcia-Retamero walipima uwezo wa kusoma grafu nchini Ujerumani na Marekani, wakakuta karibu theluthi moja ya watu wazima katika nchi zote mbili wana uwezo mdogo. Hizo ni nchi ambazo karibu kila mtu amepita shule.

Wala tusishangae. Binadamu amehesabu mifugo na nyota tangu zamani sana, lakini grafu za mistari na za mihimili kama tunavyozijua leo zilitokea katika kitabu cha Mskoti William Playfair mwaka 1786, na ile ya duara akaiongeza mwaka 1801. Huu ni ufundi mchanga. Hakuna anayezaliwa nao. Hata mtoto wa profesa anafundishwa.

Na hata waliofundishwa darasa moja hawausomi kwa namna moja. Wanasaikolojia wanaochunguza jambo hili wametenganisha vipawa kadhaa ambavyo grafu huvidai kwa wakati mmoja. Kimojawapo ni wepesi wa jicho kulinganisha alama na kuzitofautisha. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, Cristina Conati na wenzake waliwakalisha watu mbele ya grafu za mihimili na nyingine zenye umbo la utando wa buibui, wakafuatilia kwa vifaa kila macho yao yalipotua. Wale ambao wepesi huo ulikuwa mdogo walichukua muda mrefu zaidi, na macho yao yalikaa zaidi kwenye ufunguo, yaani kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza rangi ipi ni ya nini. Hawakuwa na akili pungufu. Kile kisanduku ndicho kilichowachelewesha.

Kipawa kingine ni ile kumbukumbu inayoshika mambo kwa sekunde chache wakati tunayafanyia kazi, kama unapotajiwa namba ya simu na kalamu bado haijapatikana. Nelson Cowan, aliyeichunguza kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2001 kwamba nafasi yake ni ya mambo kama manne hivi. Kwa wengine ni pungufu, kwa wengine zaidi kidogo. Patricia Carpenter na Priti Shah nao walionyesha mwaka 1998 kwamba msomaji wa grafu haioni kwa mkupuo mmoja. Anakwenda na kurudi, kutoka kwenye mstari hadi kwenye maandishi na kurudi tena, akibeba kichwani kipande kidogo kila safari. Weka mistari sita ya rangi sita na ufunguo pembeni, na tayari umemjazia mzigo kabla hajafika kwenye habari yenyewe.

Kipo pia kipawa cha kuona maumbo akilini, cha kujua kitu kingeonekanaje kikigeuzwa au kikikunjwa. Fundi cherehani anayekitazama kitenge kikiwa bado kwenye jora na kuliona gauni analo kwa wingi, hata kama aliacha shule darasa la tano. Mhasibu mwenye shahada anaweza kuwa nacho kidogo. Ndiyo maana nasema vipawa hivi havipimwi kwa vyeti. Mtu mmoja huwa navyo kwa viwango tofauti, hodari katika hiki na wa kawaida katika kile.

Tena havitulii. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Anandi Mani na wenzake kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipopewa majaribio ya akili kabla ya mavuno, wakati fedha imekauka, walifanya vibaya kuliko walivyofanya baada ya mavuno. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, lakini nadhani mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu hospitalini huku mgonjwa wake amelazwa anaelewa kinachozungumzwa. Wasiwasi unakalia nafasi. Njaa inakalia nafasi. Usingizi uliokatwa mara nne usiku na mtoto mwenye homa unakalia nafasi. Na huyo ndiye hasa msomaji wa kadi ya kliniki.

Umri nao una lake. Wepesi wa kulinganisha kwa macho hupungua polepole tangu ujana unapoisha, na baada ya miaka 40 hivi wengi huanza kuishika karatasi mbali na uso. Ujuzi wa maisha, kwa upande mwingine, unazidi kukua. Kwa hiyo bibi anayelea wajukuu atachelewa kuipata nukta, ila ukimwonyesha ilipo atakueleza sababu yake haraka kuliko daktari.

Nimewasikia watu wema wakihitimisha hapa kwamba basi takwimu wabaki nazo wataalamu, wananchi wapewe maneno matupu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, vyombo vingi vya habari vya Ulaya na Marekani vilichora vifo kwa skeli ambayo kila hatua ya kupanda ni mara kumi ya iliyotangulia. Watafiti waliwaonyesha Wamarekani grafu hizo na kuwauliza swali la msingi. Takriban asilimia 41 tu ndio waliojibu sawasawa. Wengine wakaonyeshwa takwimu zilezile kwa skeli ya kawaida, na asilimia 84 wakajibu sawasawa. Watu ni wa nchi ileile, na marehemu ni walewale. Kilichobadilika ni mkono wa mchoraji. Basi lawama tunayomtupia msomaji ina mwenyewe mwingine.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi ni ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ambao wahudumu wa afya ngazi ya jamii hutembea nao. Nao ni mchoro wa takwimu, na kwa maoni yangu ni mmoja wa iliyobuniwa vizuri kuliko yote duniani. Unauzungusha kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, unaukaza bila kubana, unatazama rangi kwenye kidirisha cha utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, aende kituoni leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Kuanzia hapo ni kijani. Hakuna umri wa kutafuta, hakuna nukta ya safari iliyopita ya kukumbuka, hakuna ufunguo wa pembeni. Kazi yote ambayo ingefanywa na kichwa imeshafanywa na aliyeuchora utepe. Nchini Niger akina mama walifundishwa kuutumia wenyewe majumbani, na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba hawakupitwa na wahudumu wa afya katika kuwabaini watoto wenye utapiamlo. Wengi wao hawakuwa na elimu ya darasani.

Hata hivyo utepe hauwezi kufanya kazi ya kadi. Unamnasa mtoto ambaye amekwisha kukonda. Yule msichana wetu wa kilo 7.5 huenda mkono wake ungeonyesha kijani siku zote hizo. Kadi ndiyo inayoonya mapema, wakati tatizo bado linatibika kwa yai moja, kwa kuongeza mlo, kwa dawa ya minyoo. Kwa hiyo grafu tunaihitaji, na mahali pengine tunaihitaji kuliko tunavyodhani.

Hapa naomba twende mkoani Iringa. Mwaka 1983 ulianza huko mpango wa lishe katika vijiji 168, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia. Mambo yaliyofanyika yalikuwa mengi: huduma za afya, vituo vya kulishia watoto, mafunzo kwa wahudumu wa vijiji. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo napenda kila mtumishi wa umma alijue. Watoto walipimwa uzito kijijini mbele ya wote kwa siku maalumu, na matokeo hayakuishia kwenye kadi ya mama wala kwenye daftari la wilaya. Yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji, yakajadiliwa: wangapi wamepungua, ni wa nani, kwa nini, tufanye nini kabla ya kupima tena. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye upungufu mkali wa uzito katika vijiji hivyo walishuka kutoka asilimia 6 na kidogo hadi chini ya asilimia 2.

Fikiria kilichokuwa kikitokea katika vikao hivyo. Mmoja ana jicho jepesi, anaona kwamba kitongoji cha ng'ambo ndicho chenye nukta nyingi za chini. Mwingine ana kumbukumbu, anakumbusha kwamba robo iliyopita hali ilikuwa hivyohivyo. Wa tatu hajui hata namba zinavyopangwa, lakini anajua kwamba kule ng'ambo kisima kimekauka na wanawake wanatembea nusu siku kutafuta maji, watoto wakibaki na wadogo zao. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeisoma grafu ile peke yake akaimaliza. Kwa pamoja waliimaliza.

Na lazima tuseme ukweli wote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Miaka ya 2015 na 2016 walikuwa asilimia 34. Mkoa ulioongoza kwa udumavu mwaka 2022 ulikuwa Iringa hiyohiyo, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, mkoa unaolima mahindi na viazi hadi kuwauzia wengine. Kupambana na uzito pungufu na kupambana na udumavu ni vita viwili tofauti, na ushindi wa miaka ya 1980 haukujilinda wenyewe. Lakini kuna sababu nyingine inayonikosesha raha. Mahali ambapo mtoto mmoja katika kila wawili amedumaa, macho matupu hayaoni shida yoyote. Mtoto wa miaka mitatu anaonekana wa kawaida kwa sababu amesimama katikati ya wenzake waliodumaa kama yeye. Hapo jicho la mzazi mwenye upendo wote haliwezi kumwambia kitu. Ni mchoro tu unaoweza, tena ukisomwa.

Ndiyo maana nauandika wito huu.

Dada na kaka zangu wauguzi, najua foleni mnazokabiliana nazo na najua mko wachache. Naomba jambo moja tu, nalo halizidi dakika moja. Mkishaweka nukta, igeuzeni kadi imwelekee mama, wekeni kidole kwenye nukta ya safari iliyopita, kisogezeni mpaka ya leo, halafu mwambieni: "Mama, hebu nieleze mtoto wako anaendeleaje kwa hapa unavyoona." Msimuulize kama ameelewa. Kila mtu aliyeketi mbele ya sare nyeupe hujibu kwamba ameelewa. Akieleza kwa maneno yake ndipo mtajua, na palipobaki giza mtaona wenyewe pa kuangazia.

Ndugu zangu mnaochora, iwe wizarani, halmashauri, kwenye mashirika au kwenye vyumba vya habari: kabla mchoro haujapelekwa kwa mchapaji, toeni nakala moja, mwende nayo sokoni au kwenye benchi la zahanati, muwape watu watano wa umri tofauti, muulize mchoro unasema nini, kisha mnyamaze. Msisaidie. Watakayoyasema yatawauma, na yatawafaa kuliko kikao cha siku mbili hotelini. Jina la mstari liandikeni kwenye mstari wenyewe, ufunguo wa pembeni ufe. Rangi isiachwe iseme peke yake. Iwekeeni neno, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, na wapo watakaosoma nakala iliyotolewa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Kama mnalinganisha kata kumi, pangeni mihimili inayoanzia mstari mmoja. William Cleveland na Robert McGill walikwisha kuonyesha tangu mwaka 1984 kwamba jicho hulinganisha vizuri vitu vilivyosimama kwenye msingi mmoja, na huteleza linapolinganisha pembe na ukubwa wa maeneo. Ile grafu ya duara iliyokatwa vipande kumi inamtesa kila mtu. Na juu ya mchoro andikeni sentensi kamili inayosema habari. "Hali ya Lishe Wilayani" haisemi kitu. "Watoto 3 katika kila 10 wamedumaa" inasema.

Tena tafuteni mahali ambapo msomaji mwenyewe yumo. Mwaka 2019 Evan Peck na wenzake walizungumza na watu 42 wa vijijini Pennsylvania, Marekani, wakiwamo wauzaji wa sokoni na mafundi wa ujenzi, wakawaonyesha grafu kumi kuhusu dawa za kulevya. Walikuta kwamba watu wengi hawakuipenda grafu kwa uzuri wa uchoraji wake; waliipenda ile iliyogusa maisha yao, iliyokuwa na mji wao au msiba wao. Mwanakijiji wa Ludewa akipewa ramani ya nchi nzima ataitupia jicho. Mpe ya vitongoji vyake, uone atakavyoinama juu yake.

Walimu, grafu kwa picha na grafu kwa mihimili zimo katika vitabu vya hisabati vya shule ya msingi, na watoto hujifunza kuchora idadi ya machungwa na vitabu ambavyo hawajawahi kuviona. Waambieni walete kadi za kliniki za wadogo zao. Mtoto wa darasa la sita anayejua kuisoma kadi ya mdogo wake ameleta msomaji wa pili nyumbani.

Akina baba, nina neno nanyi kwa heshima. Kadi ya mtoto si karatasi ya wanawake. Mama amechoka kuliko wewe, amelala kidogo kuliko wewe, na tunamtaka yeye peke yake aibebe hesabu yote kichwani. Kaa naye jioni, mfungue kadi, msome pamoja na bibi akiwepo. Usipoelewa, sema huelewi, na siku ya kliniki ijayo nenda nao ukaulize. Hakuna aibu yoyote katika kuuliza mchoro unasema nini. Aliyeuchora ndiye mwenye deni la kueleza.

Wenyeviti wa vijiji na watendaji, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji nayo imepangiwa kila robo mwaka. Matukio hayo mawili yafungamanisheni. Matokeo ya kupima watoto yasomwe mkutanoni kwa sauti, bila kutaja jina la mzazi yeyote ili asiaibike, na mchoro ubandikwe kwenye ubao wa matangazo pembeni ya mapato na matumizi, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mzee wa miaka sabini. Kisha ulizeni swali lile lililoulizwa Iringa: kwa nini, na tufanye nini kabla ya kupima tena. Acheni watu wazungumze.

Nawe msomaji, mkutano ujao ukiitishwa kijijini au mtaani kwako, nenda. Ajenda ikimalizika bila watoto kutajwa, nyoosha mkono, umwombe mwenyekiti asome hesabu za watoto waliopimwa robo hii.